Ng'ombe wa dada yangu wananguruma darasani!

Msomaji wangu, hebu jiweke darasani. Saa nne asubuhi, mwalimu yuko ubaoni na chaki mkononi, darasa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Mara, kutoka kona ya mbele karibu na dirisha, inaanza: vuuuuu! Kwanza polepole, kama mtu anayepuliza kuni mbichi. Halafu inapanda, inapanda, mpaka unadhani mashine ya kusaga imewashwa hapo nje. Mwalimu ananyamaza. Vichwa arobaini vinageuka.

Vinageuka kunitazama mimi.

Naam, mwenye mashine ni mimi. Na kabla hujanicheka, ngoja nikupe kisa chote. Kasheshe hii ilinipata Tarime, kwenye chuo ambacho sitakitaja, na dawa yake nikaipata Mugumu, wilaya ya Serengeti, kwa mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta maishani mwake.

MAHARI YAGEUKA LAPTOPU

Wewe uliyekulia Sinza au Magomeni huenda hujui habari za ng'ombe wa kwetu. Kwa sisi Wakurya dada akiolewa, ng'ombe wa mahari wanaingia zizini, na kaka mtu anajua kabisa kwamba hao ndio atakaoolea. Ukiwatazama jioni wanarudi malishoni, ni kama unamwona mkeo anakuja na vumbi lake. Ndiyo maana kijana wa kwetu akiwa na dada wengi hatembei, anadunda.

Mimi dada ninaye mmoja tu. Aliolewa Mugumu nikiwa bado mdogo, wakaja ng'ombe kumi. Aliishia darasa la saba. Alikuwa na kichwa kuliko mimi, hata mama anakubali, lakini mambo yalivyokuwa ndivyo yalivyokuwa, akaolewa, mimi nikaendelea na shule.

Nilipopata nafasi ya kusoma mambo ya kompyuta chuoni, dada ndiye aliyempigia simu mzee: "Baba, uza watatu, mtoto anunuliwe kompyuta." Kikao kikakaa. Baba mdogo akafoka mpaka kofia ikamdondoka. "Huyu mura ataoa kwa nini? Atapeleka kompyuta ukweni ikakamuliwe maziwa?" Watu walicheka, yeye hakucheka. Lakini ng'ombe walikuja kwa jina la dada, na dada alikuwa ameshasema. Wakapelekwa mnadani, ikapatikana shilingi 1,950,000, nami nikapanda basi kwenda Mwanza.

Ningeweza kununua kilaptopu cha kawaida, chembamba, na chenji ikabaki. Lakini nilikuwa na dili zangu kichwani. Tarime na Sirari hakuna Jumamosi inayopita bila shughuli: leo harusi, kesho kipaimara, keshokutwa sendofu. Wapiga picha za video wamejaa, ila wa kuzikata na kuziunga wanahesabika. Nikasema hapa ndipo penye mshiko. Na kazi ya video, mtu wangu, inataka mashine yenye misuli.

Nikachukua ya mtumba, ya aina ile inayotengenezwa kwa ajili ya wacheza gemu. Nyeusi, nzito kama Biblia tatu, vitufe vyake vinawaka nyekundu, bluu na kijani kama basi la usiku. Chaja yake peke yake ni kama tofali. "Hii ni mnyama," muuzaji akaniambia. Dukani haikutoa sauti hata kidogo. Sasa nitajuaje? Pale kaunta ilikuwa imefunguliwa ukurasa mtupu.

UJIKO WA WIKI MBILI

Siku ya kwanza nilipoiingiza darasani, usipime. Washikaji walinizunguka kama nimekuja na gari. Betri yake ilikuwa imechoka, dakika arobaini chali, kwa hiyo lazima ichomekwe ukutani. Na soketi nzima mle ndani ilikuwa moja tu, kona ya mbele. Nikahamia hapo. Hivyo nikajikuta mimi, mtu wa viti vya nyuma tangu shule ya msingi, nimekaa mstari wa mbele pembeni ya binti mmoja mpole ambaye hakuwa na maneno mengi.

Sasa kuna jambo nililikuwa nalifanya, na leo nakiri mbele yako. Mwalimu akianza somo, mimi naweka kitambaa cha kitenge juu ya meza ili laptopu isichubuke, nawasha programu yangu ya video, naiachia ipike harusi ya watu. Video ya saa mbili inaweza kuchukua kipindi kizima kuiva. Somo likiisha, harusi nayo imeiva. Mbele ya mwalimu nazuga naandika, kumbe namtazama bibi harusi akikata keki.

Na mashine ikipika, inanguruma. Mwalimu wetu ni mzee mtaratibu. Siku ya kwanza aliuliza, "Nani amewasha pampu?" Darasa likafa kwa kicheko. Tangu siku hiyo nikaitwa Mashine ya Kusaga, na nikiingia mtu anauliza, "Kilo shilingi ngapi leo?" Mimi niliona ni ujiko. Kijana wa mjini unajua tena, hata ukisemwa vibaya, mradi unasemwa.

SOO LA JARIBIO

Wiki ya tatu tukapewa jaribio. Swali la kwanza lilikuwa dogo kabisa: Taja mwaka ambao serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini.

Nikatoa macho. Marufuku? Kompyuta? Tanzania hii hii? Nikadhani mwalimu anatania. Nikaacha wazi. La pili likauliza kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa wapi na lini. Nikaacha wazi. La tatu, Sera ya Taifa ya TEHAMA ilitolewa mwaka gani. Hapo nikabuni, nikakosa.

Kumbe yote hayo mzee aliyafundisha, tena kwa kirefu, siku niliyokuwa napika harusi moja ya Sirari yenye wasimamizi kumi na wawili. Alieleza kwamba kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Alieleza kwamba mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza mashine hizo, na kwamba miaka mingi baadaye, mwaka 2003, ndipo ikaja sera ya kwanza ya TEHAMA. Mimi mwenye kompyuta yenye nguvu kuliko zote darasani ndiye sikusikia kwamba zamani zilizuiwa kuingia. Sikusikia kwa sababu kompyuta yangu ilikuwa inapiga kelele. Soo kubwa!

Karatasi ziliporudi, yule binti wa pembeni yangu aliinamisha kichwa. Nikachungulia. Kwenye lile swali la marufuku alikuwa ameandika 1978, na alama nyekundu ya mkasi juu yake.

"Pole," nikamwambia. "Hata mimi nimepigwa."

"Nilisikia sabini na nane," akasema taratibu. "Kumbe alisema sabini na nne."

Nikamwomba daftari lake nidese. Akasita, halafu akanipa. Msomaji, lile daftari sitalisahau. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka, lakini kila baada ya maneno mawili matatu kuna pengo. "Ilifungwa Wizara ya", halafu pengo, "mwaka 1965." "Sababu ya kuzuia ilikuwa", halafu pengo la mstari mzima. Ukurasa baada ya ukurasa, kama kitambaa kilicholiwa na panya. Nikarudi nyuma kwenye wiki ambazo sikuwa na mashine. Hakuna pengo hata moja.

Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza kwamba sikio lake la kushoto halisikii tangu utotoni. Ndiyo maana hukaa mbele, upande ule wa dirisha, sikio la kulia likielekea kwa mwalimu. Na mimi nilikuwa nimeiweka mashine yangu kuliani kwake, nusu mita kutoka kwenye sikio lake zima.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona umenunua kitu cha thamani, kaka. Kuhamia nyuma ndiyo ningekosa kabisa. Nikanyamaza tu."

Hapo ujiko wote uliniishia. Mtu ananitania nacheka, lakini mtu ananyamaza, nitacheka na nani?

SAFARI YA MUGUMU

Mwisho wa wiki nikapanda gari kwenda Mugumu kumsalimia dada. Ni safari ya kupita Nyamongo kwenye machimbo ya dhahabu, unavuka Mto Mara, na vumbi unalolimeza linatosha kupiga tofali. Nilibeba mashine mgongoni. Tangu inunuliwe, dada hakuwa ameiona.

Dada anauza chai na maandazi karibu na stendi. Jioni alipofunga nikaiweka mezani kwake, nikaichomeka, nikamfungulia harusi moja ili aone utamu wa kazi yangu. Picha zikapita, shela, ngoma, akina mama wanacheza. Akatabasamu. Kisha nikaipa kazi ya kupika, na ile sauti ikaanza kupanda.

"Hicho nini?" akauliza.

"Ni feni, dada. Inajipoza."

"Na darasani inalia hivihivi?"

"Hivihivi."

Akanyamaza kidogo. "Sasa mwalimu unamsikiaje?"

Nikaanza kujiumauma. Nikasema wenzangu hunipa madaftari, nikasema hili, nikasema lile. Mwisho nikamweleza yote, mpaka habari ya yule binti na sikio lake. Dada alikuwa ananitazama huku anafuta vikombe.

"Haya, nifundishe hicho kilichokushinda."

Nikamweleza habari ya mwaka 1974. Alipendezwa, akavuta kigoda. "Kwa nini walizuia?" akauliza. Sikujua. "Waliokuwa wanazo tayari walizifanya nini?" Sikujua. "Ziliruhusiwa tena kwa sababu gani?" Mtu wangu, maswali matatu mfululizo, yote ya maana, na mwanachuo mzima nimekaa kama gunia. Mwenye darasa la saba ndiye aliyekuwa anasoma pale mezani.

Kisha akaniambia maneno ambayo hata sasa yananiuma. "Mdogo wangu, mimi nilipenda shule. Unajua. Ng'ombe wangu hawakuuzwa ili wakalie darasani. Waliuzwa ili wewe ukasikie. Na kama huyo mwenzako hasikii kwa sababu ya ng'ombe wangu, basi wanamnyima shule mtoto mwingine wa watu."

Akaichomoa mwenyewe kwenye soketi, akaendelea kupanga vikombe. Hakuongeza neno. Usiku ule nililala nikisikia fisi wa mbali upande wa hifadhini, na usingizi haukuja mapema.

FUNDI ANAFUNGUA MNYAMA

Jumatatu nilikwenda kwa fundi mmoja Tarime mjini. Alipofungua kifuniko cha chini tulitazamana. Feni mbili ndogo zilikuwa zimevaa sweta la vumbi. Ndugu yangu, lile vumbi ungeweza kulifuma.

Akanipa darasa la bure, nami nakupa wewe. Umeme wote ambao kompyuta inaula, mwisho wake unageuka joto. Kilaptopu cha kawaida kina chaja ya wati 45 au 65. Yangu ni wati 230. Unaikumbuka ile glopu ya zamani ya wati 100, ambayo ikiwaka huwezi kuishika? Chukua mbili, zifungie ndani ya kitu kisichozidi unene wa kitabu cha kiada. Ndilo joto ninalotembea nalo. Sasa feni zinapaswa kulitoa lote nje, kwa hiyo zinazunguka maelfu ya mizunguko kila dakika, na hapo ndipo sauti inapotoka. Zikishindwa, na moyo wa mashine ukikaribia nyuzi joto 100, kompyuta yenyewe inapunguza mwendo ili isiungue. Kumbe harusi zangu zilikuwa zinachelewa kuiva kwa sababu ya vumbi!

Tena kuna la mwinuko. Tarime tuko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ile ya Dar es Salaam. Baridi yetu inasaidia, ila kila mzunguko wa feni unabeba hewa kidogo zaidi, hivyo joto linalotoka nalo ni dogo. Na kile kitenge changu cha kuzuia michubuko kilikuwa kimeziba matundu ya chini ambako mashine inavutia pumzi. Nilikuwa namnyonga mnyama kwa kitenge, halafu nashangaa analia.

Kuhusu kelele zenyewe, zinapimwa kwa desibeli. Maktaba tulivu ni kama desibeli 40, watu wakiongea kawaida ni kama 60. Laptopu za aina hii zikibanwa na kazi hupita 50. Utasema mbona bado mwalimu anashinda? Anashinda kwa aliye karibu naye. Sauti ya mtu hufifia kadiri unavyokaa mbali, na kwa yule binti mwalimu alikuwa mita nne, mashine nusu mita.

Fundi alipuliza vumbi, akabadilisha ile dawa inayopakwa kati ya moyo wa mashine na chuma cha kupozea, maana ya zamani ilikuwa imekauka kama ugali wa juzi. Akanionyesha pia kwenye mipangilio ya umeme jinsi ya kuizuia isikimbie mpaka mwisho wa nguvu zake: badala ya asilimia 100, unaiwekea 80. Kwa kuandika na kusoma huoni tofauti yoyote, lakini feni zinatulia. Na akaniambia siri nyingine, kwamba laptopu nyingi za aina hii ukichomoa waya zenyewe zinajibana ili betri isiishe. Chini ya pembe za nyuma tukaweka vizibo vinne vya soda, ipumue. Gharama yote haikufika bei ya kuku.

NG'OMBE WAMETULIA

Ila sikuirudisha mezani wakati wa somo. Vipindi vya kusikiliza naingia na daftari na kalamu ya Bic, kama babu yangu. Mashine inabaki imezimwa ndani ya begi mpaka saa za vitendo. Harusi napika usiku chumbani, na mpangaji mwenzangu wa pili alishatoka mara mbili kuanua nguo akidhani mvua inakuja.

Kiti changu nilikihamishia upande wa kushoto wa yule binti, kwenye sikio lisilosikia, ili hata nikikohoa nisimvurugie. Jaribio lililofuata alinipita kwa alama tisa. Sasa mimi ndiye ninayedesa kwake, na daftari halina mapengo.

Lile swali la dada nalo nililipeleka kwa mwalimu: kwa nini walizuia? Mzee alifurahi, akavuta kiti. Akasema kompyuta zilizonunuliwa kwa ajili ya hesabu za serikali zilikula fedha nyingi, na hesabu badala ya kunyooka zikavurugika. Wakubwa wakaona bora mlango ufungwe. "Mashine haikuwa na kosa," akasema, "ila walioizunguka hawakuwa tayari kwa ajili yake." Alinitazama kwa jicho fulani hivi, nikatazama viatu vyangu.

Jioni nikampigia dada nikamwambia jibu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali jingine, ambalo pia sijalijua. Nimeliandika, wiki ijayo nitaliuliza. Siku hizi ndivyo tunavyoishi: anayekaa darasani ni mimi, lakini maswali mazuri yanatoka Mugumu, karibu na stendi, kati ya birika na maandazi.

Basi wewe mwenye mnyama kama wangu, unayekaa mbele kwa sababu ya soketi, fanya kitu kimoja kesho. Kabla ya kubonyeza kitufe, mtazame aliye pembeni yako, kisha muulize kama anasikia. Usingoje akuambie, hatakuambia. Na yale mapengo hutayaona mpaka ukute daftari lake mkononi mwako.

Kabla sijakata simu, dada huwa ananiuliza neno lilelile moja: "Ng'ombe wametulia?"

Wametulia, dada.